Joto la Alfajiri na Siku za Kushika Mimba

Hotuba kwa wanandoa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Ujiji, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, viongozi wetu wa dini mliotukubalia kukutana katika ukumbi huu, watumishi wenzangu wa afya, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mlioingia kwenye ndoa juzi juzi: mwakeye. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna mwanamke anavyoweza kutumia kipimajoto kujua kama yai lake limepevuka, na lini. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu katika kazi yangu ya ukunga nimekutana na wanawake wengi wanaojua kumlea mtoto kuliko mimi, lakini hawajawahi kuelezwa na mtu yeyote jinsi mimba yenyewe inavyopata nafasi ya kutungwa. Wengi wameshika jambo moja tu tangu shuleni, kwamba siku ya hatari ni siku ya 14. Anayetaka mtoto huisubiri siku hiyo kwa matumaini, asiyetaka huikwepa, na wote wawili hushangaa mambo yanapokwenda kinyume na hesabu.

Nitaanza na jambo ambalo ningependa libaki kichwani hata kwa yule atakayelazimika kutoka mapema. Joto la mwili huonyesha kwamba yai limekwisha kutoka. Halitabiri kwamba litatoka. Anayelitegemea limwambie kesho kutakuwaje atakuwa anachelewa kila mwezi. Lakini anayelipima kila asubuhi, akaliandika, kisha akalinganisha mwezi huu na uliopita na uliotangulia, atapata elimu juu ya mwili wake ambayo kalenda ya ukutani haiwezi kumpa.

Tuuangalie mwili kwanza. Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu ya hedhi hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Katika sehemu ya kwanza ya mzunguko, ovari, yaani vile viungo viwili vinavyotunza mayai, hukuza kifuko kidogo chenye yai ndani yake, na kifuko hicho hutoa homoni ya estrojeni. Yai linapokaribia kukomaa, tezi iliyo chini ya ubongo huachia kwa wingi homoni iitwayo LH, na baada ya muda wa siku moja hadi moja na nusu hivi kifuko hupasuka, yai likatoka na kupokewa na mrija wa uzazi. Kifuko kilichopasuka hakiishi kazi hapo. Hugeuka kuwa tezi ya muda, yenye rangi ya manjano, na tezi hiyo huanza kutoa projesteroni, homoni inayouandaa ukuta wa mji wa mimba ili uweze kupokea mimba. Projesteroni hiyo hiyo hufika kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili na kukipandisha kidogo kiwango chake. Joto la mwanamke akiwa amepumzika huongezeka kwa nyuzi kama 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, na hubaki juu mpaka tezi ile inaponyauka, takriban wiki mbili baadaye, ambapo projesteroni hushuka na hedhi kuanza.

Kwa hiyo grafu ya mwanamke ambaye yai lake limetoka huwa na ngazi mbili: ya chini kabla, ya juu baada. Hili halikujulikana jana. Daktari Mary Putnam Jacobi wa Marekani aliandika mwaka 1876 kwamba joto la wanawake hupanda na kushuka kufuatana na mzunguko wao, na mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Uholanzi, Theodoor Hendrik van de Velde, akaihusisha ngazi hiyo na kazi ya ovari. Miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja akifanya kazi yake mbali na mwenzake, walionyesha jambo ambalo mpaka leo halijafika vizuri kwenye vijiwe vyetu wala kwenye madarasa yetu: yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayokuja, na si wiki mbili baada ya hedhi iliyopita.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hataiona, kwa sababu wiki mbili kutoka mwanzo na wiki mbili kutoka mwisho hukutana siku ile ile ya 14. Lakini mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake litatoka karibu na siku ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 24 litatoka karibu na siku ya 10, pengine damu ikiwa imekatika siku chache tu zilizopita. Hawa wawili tukiwaambia wote "siku ya 14", tumempotosha mmoja kwa wiki nzima na mwingine kwa siku nne. Isitoshe, mwanamke yule yule anaweza kuwa na siku 27 mwezi huu na 33 mwezi ujao, kwa safari, kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa mawazo, kwa sababu kinachochelewa mara nyingi ni ile sehemu ya kwanza, kabla ya yai kutoka. Ndiyo maana hata programu za simu zinazohesabu tarehe peke yake huwa zinakisia tu, ingawa huandika jibu lake kwa uhakika mkubwa.

Sasa tuje kwenye upimaji wenyewe, na hapa naomba tuende taratibu, kwa sababu wengi waliosema njia hii haifanyi kazi hawakuelezwa jinsi ya kupima. Joto tunalolitafuta ni joto la mwili uliopumzika, kabla haujaanza kujishughulisha. Mwanamke hupima anapoamka, akiwa bado amelala kitandani, kabla ya kuinuka, kabla ya kunywa maji, kabla ya kuzungumza kwa kirefu, na baada ya kulala mfululizo kwa angalau saa tatu. Kipimajoto kikae mahali ambapo mkono unakifikia bila yeye kunyanyuka, pamoja na kalamu na karatasi, kwa sababu namba isiyoandikwa papo hapo ikifika mchana imeshachanganyika na ya jana. Apime muda ule ule kila siku, au tofauti isizidi nusu saa hivi, kwa kuwa joto la mwili hupanda lenyewe kadiri asubuhi inavyosogea. Na apime mahali pamoja. Chini ya ulimi panatosha, mdomo ukiwa umefungwa. Wengine hupendelea ukeni. Kwapani hapafai kwa kazi hii, na kile kipimajoto cha kuelekezewa kwenye paji la uso, ambacho wengi tulikizoea wakati wa korona, hakifai kabisa, kwani hakiwezi kutofautisha kwa uhakika mabadiliko madogo kiasi hiki.

Mtu akienda duka la dawa aombe kipimajoto cha dijitali kinachosoma tarakimu mbili baada ya nukta, yaani kinachoweza kuandika 36.45 na si 36.4 tu. Kile cha kawaida cha homa kinasaidia kwa kiasi, ila ngazi yenyewe inaweza kuwa ndogo mno hata isionekane vizuri. Vile vya zamani vya kioo chenye zebaki vinaondolewa duniani kwa makubaliano ya Minamata ya mwaka 2013, na mwenye nacho nyumbani asikiache kikavunjikia kitandani, kwa sababu mvuke wa zebaki ni sumu.

Ubaoni nimechora mfano wa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 32. Tazameni kuanzia siku ya 13 hadi ya 18: 36.35, 36.30, 36.40, 36.35, 36.25, 36.40. Namba zinapanda na kushuka kidogo, lakini hakuna iliyovuka 36.40. Siku ya 19 ameandika 36.55. Je, atangaze kwamba yai limetoka? Hapana, asubiri, maana asubuhi moja yenye joto inaweza kuletwa na usingizi mbaya. Siku ya 20 ni 36.60. Siku ya 21 ni 36.65. Hapo sasa ana asubuhi tatu mfululizo zilizo juu ya sita zilizotangulia, na ile ya tatu imezidi ile kubwa ya zile sita kwa nyuzi 0.25, wakati kanuni inadai angalau 0.2. Kwa hiyo anaweza kusema kwamba yai lilitoka karibu na siku ya 18, huenda siku moja kabla au moja baada, na kweli hedhi yake ilifika wiki mbili baadaye. Sasa fikirini kama mama huyu angekuwa hataki mimba na angefuata mafundisho ya siku ya 14. Siku ya 16 na 17 angejiona amekwisha kuvuka, kumbe hizo ndizo siku ambazo uwezekano wake wa kushika mimba ulikuwa mkubwa kuliko zote.

Naujua ugumu wa maisha yetu hapa, na sitazungumza kama vile kila mwanamke huamka saa kumi na mbili akiwa amelala vizuri. Mama anayekwenda mwaloni Kibirizi kupokea mitumbwi ya dagaa huamka usiku wa manane. Basi apime wakati huo anapoamka, mradi amelala zile saa tatu, na azingatie muda huo huo siku zote za kazi. Siku za mapumziko akiweza aweke alamu saa ile ile, apime, aandike, alale tena. Ndugu zangu Waislamu, mwezi wa Ramadhani mpime kabla ya kuinuka kwa ajili ya daku, si baada ya kula na kurudi kitandani, na msishangae mstari wa mwezi huo ukikaa tofauti kidogo na wa mwezi uliotangulia, kwa sababu saa ya kupima imebadilika. Mama anayenyonyesha na kuamshwa mara tano kwa usiku mmoja, kusema kweli, namshauri asijitese na kipimajoto kwa sasa. Ila ajue kwamba baada ya kujifungua yai la kwanza laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Wapo waliogundua mimba wakiwa bado wanasubiri kuona siku zao.

Halafu kuna malaria. Mkoa wetu unaijua. Mwanamke akipata homa katikati ya mzunguko, namba za siku hizo zinaandikwa kama zilivyo, zinazungushiwa duara, na pembeni anaandika "homa", kisha hazihesabiwi katika zile sita wala zile tatu. Vivyo hivyo usiku wa pombe, usiku wa msiba usiolala, asubuhi ya kuchelewa kuamka. Lakini naomba sana nieleweke hapa: homa ya 38 au 39 haihusiani hata kidogo na kupevuka kwa yai. Ngazi ya uzazi ni ndogo, wala mtu haisikii mwilini. Anayechemka aende kupimwa malaria siku hiyo hiyo, hasa kama anadhani huenda ni mjamzito.

Baada ya kusema yote hayo, narudi kwenye neno langu la mwanzo, kwamba joto hutoa habari baada ya tukio. Yai likishatoka huishi muda wa saa 12 hadi 24. Mbegu za mwanaume, kwa upande wao, zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikikuta mazingira mazuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliowafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, ulionyesha kwamba mimba zote zilizoweza kupangiwa siku zilitokana na tendo la ndoa lililofanyika katika siku sita, yaani siku tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe ya kutoka. Siku iliyofuata haikuleta mimba. Kwa hiyo wanandoa wanaongoja kipimajoto kipande ndipo wakutane, wanakutana mlango ukiwa umekwisha kufungwa, na wanaweza kufanya hivyo mwezi baada ya mwezi kwa nidhamu kubwa, wakiamini wanajisaidia.

Dalili inayotangulia ni ute wa mlango wa kizazi. Daktari John Billings, akisaidiwa baadaye na mkewe Evelyn, alianza kuufuatilia huko Melbourne, Australia, mwaka 1953, na kila mwanamke anaweza kuutambua bila kununua kitu chochote. Baada ya hedhi wengi huwa wakavu. Kisha huja ute mzito, mweupe, unaonata. Kadiri estrojeni inavyopanda, ute huo huongezeka, huwa mwepesi, angavu, unaoteleza, na ukishikwa kwa vidole viwili huvutika bila kukatika, mfano wa ute mbichi wa yai la kuku. Siku za ute wa namna hiyo ndizo siku za kushika mimba. Anayetafuta mtoto asisubiri siku moja maalumu. Akutane na mwenzake kila baada ya siku moja au mbili tangu ute huo uanze kuonekana. Kisha kipimajoto kije kuthibitisha kwamba yai lilitoka kweli. Daktari Josef Rötzer wa Austria aliziunganisha dalili hizi mbili kuwa njia moja kuanzia miaka ya 1950, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kumfundisha mtu kipimajoto bila kumfundisha ute. Najua wengine huona haya kuuzungumzia. Tuuzungumzie kwa adabu, lakini tuuzungumzie. Ute wenye harufu mbaya, wenye rangi ya kijani, au unaowasha ni jambo lingine, hiyo ni dalili ya maambukizi na unahitaji matibabu.

Niongeze jambo linalotuhusu sisi watu wa ziwani. Uvuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, basi wavuvi hupumzika. Mwezi ukipotea, wanaondoka, na wengine hukaa kambini siku nyingi. Sasa mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu kutoka giza moja hadi giza jingine, na mke mwenye mzunguko wa siku 29 au 30 anakwenda nao karibu sambamba. Kama siku zake za ute ziliangukia kwenye giza mwezi huu, zitaangukia kwenye giza mwezi ujao, na unaofuata, na unaofuata. Mume anarudi nyumbani wakati yai limekwisha kufa, anaondoka tena kabla la pili halijakomaa, na baada ya mwaka watu wa nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba mke hazai. Hana ugonjwa wowote, wala mume hana. Karatasi ya miezi mitatu iliyoandikwa vizuri, ikiwekwa kando ya tarehe za mwezi, inaweza kulionyesha jambo hili dhahiri, na dawa yake ni mume kupanga kurudi siku mbili tatu katikati ya giza. Nawaomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii mlio hapa muulize swali hili mapema: baba anakuwapo nyumbani siku zipi?

Kuhusu kutumia njia hii ili kuzuia mimba, nitasema kwa kifupi lakini kwa uzito. Inawezekana, kwa masharti. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, uliowahusisha wanawake 900 waliofundishwa vizuri kutumia joto na ute pamoja, ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 kwa mwaka, waliopata mimba isiyotarajiwa hawakufikia mmoja pale kanuni zilipofuatwa kikamilifu, na walikuwa wawili hivi kwa jumla ya watumiaji wote. Hayo ni matokeo mazuri sana. Lakini wale walikuwa na mwalimu, walikuwa na mizunguko inayoeleweka, na waume zao walikubali kungoja. Ukichukua njia za asili zote kama watu wanavyozitumia kwa kawaida, idadi hiyo inaweza kufika 20 na zaidi kati ya 100. Anayetegemea joto peke yake, siku zake za usalama ni zile tu za baada ya asubuhi ya tatu ya juu. Nusu yote ya kwanza ya mzunguko hana uhakika nayo. Na hakuna kipimajoto kinachozuia Virusi vya UKIMWI au kisonono. Mwanamke ambaye mume wake hakubali kusubiri, au ambaye ujauzito mwingine ungehatarisha maisha yake, ninamshauri waziwazi aende kituo cha afya achague njia nyingine iliyo imara zaidi.

Anayetumia vidonge, sindano au vijiti hana haja ya kuchora grafu, kwa kuwa mara nyingi dawa hizo huzuia yai lisipevuke au huvuruga joto lenyewe. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu awe na subira; uwezo wa kushika mimba hurudi, ila unaweza kuchukua miezi kadhaa, pengine kukaribia mwaka tangu sindano ya mwisho. Wapo waliopelekwa kwa waganga kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hivyo, na jambo hilo linaniuma.

Grafu ina mipaka yake. Ikionyesha ngazi mbili, inatuambia projesteroni imetoka, kwa hiyo yaelekea yai lilitoka. Haituambii kama mirija iko wazi. Kisonono, klamidia, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, yote yanaweza kuacha makovu yanayoziba mirija, na mwanamke akaendelea kuwa na grafu nzuri miaka yote. Ikiwa mstari umelala tu bila kupanda, mwezi mmoja usimtie mtu hofu, kwa sababu hata mwanamke mwenye afya njema huwa na mzunguko ambao yai halikutoka. Ukilala miezi mitatu mfululizo, au hedhi zikawa zinapishana kwa zaidi ya siku 35, au ngazi ya juu ikawa haidumu hata siku kumi, hapo kuna la kumwonyesha daktari. Yeye naye hataishia kwenye karatasi yako. Mwongozo wa Uingereza wa matibabu ya uzazi hauwashauri madaktari kutegemea grafu ya joto kuthibitisha kupevuka kwa yai. Unawaelekeza wapime projesteroni kwenye damu. Sioni kwamba hilo linaifuta kazi yetu. Kipimo hicho hufanywa takriban siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, si lazima siku ya 21 kama inavyoandikwa kwa mazoea, na mama mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21 anaweza kuambiwa yai halijatoka kwa sababu tu amepimwa mapema. Karatasi yake ndiyo itakayomsaidia daktari kuchagua siku.

Kadhalika kliniki ya wajawazito. Joto likibaki juu siku 18 au zaidi bila hedhi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mimba imeingia, na kipimo cha mkojo kitathibitisha. Tarehe ya kujifungua huhesabiwa siku 280 kutoka hedhi ya mwisho, hesabu inayodhani kwamba yai lilitoka siku ya 14. Kwa yule ambaye yai lake lilitoka siku ya 22, hesabu hiyo inamtangulia kwa zaidi ya wiki moja, na mwishoni anaweza kuambiwa amepitiliza wakati mtoto bado hajafikia muda wake. Mwambie mkunga siku uliyoiona ngazi. Na ninyi mnaopanga kupata mimba, anzeni vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya mimba.

Sasa naomba baba zangu wanisikilize, maana tumezungumza muda mrefu kama kwamba uzazi ni wa mke peke yake. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, kuna sababu iliyo upande wa mwanaume, ama peke yake ama pamoja na iliyo kwa mke. Mwanaume mwenye nguvu zote za ndoa anaweza kuwa na mbegu chache au zisizotembea, na hatalijua hilo kwa kujitazama wala kwa kusifiwa. Kipimo cha manii hakichomi, hakikati, na hakiwezi kulinganishwa na vipimo anavyopitia mke. Nimewaona wanawake wakija peke yao mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakinywa dawa za kila aina, huku hakuna aliyemwomba mume aje. Si haki, na isitoshe ni kupoteza muda. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na tatizo la ugumba katika maisha yake. Hawa ni watu wa kila nchi na kila dini, na hakuna kati yao anayestahili kuitwa majina mbele ya mawifi zake.

Wanandoa waliokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 bila mimba kutungwa waende kwa daktari, na kama mke amefikisha miaka 35 wasingoje zaidi ya miezi sita. Waende wote wawili siku moja. Wachukue karatasi za joto za miezi miwili au mitatu, zikiwa na tarehe za hedhi, siku za ute, siku za homa na dawa zilizotumika, na siku walizokutana. Wasirembeshe namba wala kujaza siku walizosahau kupima. Siku iliyorukwa iachwe wazi. Karatasi tupu za grafu tumeziweka pale mezani karibu na mlango, zenye mistari ya kila nyuzi 0.05, na mimi na wenzangu tutabaki hapa kwa ajili ya atakayependa kuelekezwa namna ya kuzijaza, awe amekuja na mwenzake au peke yake.